Unanipa kete moja nile, ili unile tatu: niongeeje imani na wenzangu wa drafti Mwaloni?

Fundi wa Kirumba ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni. Nina wiki mbili jambo hili linanikaa kichwani na mke wangu kashachoka kulisikia.

Mimi ni fundi wa mashine za boti pale Mwaloni, Kirumba, huku Mwanza. Yamaha hasa, zile za kuchanganya petroli na oili. Kazi ikiisha, au ikiwa haijaja, tunakaa chini ya mti jirani na banda langu tunacheza drafti. Ubao ni plaiwudi iliyochorwa kwa rangi ya boti, kete ni vizibo vya soda, mmoja anachezea vilivyolala kifudifudi na mwenzake vilivyo chali. Nina miaka saba pale. Wanakuja wavuvi wa dagaa, wapagazi, mabaharia wa boti za visiwani, dereva mmoja wa guta, na jamaa tunayemwita Kocha, ambaye tangu nimjue sijawahi kumfunga mara mbili mfululizo.

Mimi nimeokoka na sijifichi. Mwezi uliopita kanisani kwetu tulikuwa na semina, Jumamosi mbili. Mwalimu, mtu mzuri tu, alitufundisha kwamba usimwendee mtu na Biblia kwapani. Anza na kile mnachokipenda wote wawili, iwe mpira, mapishi, kazi au watoto, halafu vuka taratibu uingie kwenye imani. Akatupa na zoezi: andika mambo matatu unayoshirikiana na jirani yako, na namna utakavyovuka. Niliandika drafti, mpira na mashine. Wenzangu bado wanatafuna kalamu, mimi nimeshamaliza.

Jumatatu nikaanza. Kulikuwa na mechi jana yake na nusu ya watu pale wamenuna. Nikasema, "Jamani, timu zote zinafungwa, ila iko moja haijawahi kufungwa." Dereva wa guta akauliza, "Ipi hiyo, Azam?" Nikasema, "Timu ya Yesu." Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Mpira ukaishia hapo.

Jumatano ikaja zamu ya mashine. Kaja mvuvi, mashine yake inachemka njiani. Nimefungua pampu ya maji, impela imeliwa na mchanga, mabawa mawili tu ndiyo yamebaki. Nikamwonyesha, nikamwambia, "Unaona, mashine isipokojoa maji inajiunguza kimyakimya. Na moyo wa mtu ni hivyohivyo usipopata maji ya uzima." Akaitazama impela, akanitazama mimi. "Fundi, shilingi ngapi?"

Ijumaa ndiyo iliyoniuma. Nacheza na Kocha, nikamwambia kwamba katika drafti hata kete iliyoonekana haina maana, ikifika mwisho wa ubao inakuwa kingi. Kabla sijaufikia ufalme wa Mungu akakiweka chini kizibo alichokuwa amekishika. Akaniambia polepole, wala hakuwa na hasira: "Fundi, tumecheza miaka saba. Wiki hii unaongea na mimi kama unavyocheza. Unanipa kete moja nile, ili unile tatu."

Kwa wasiojua: drafti yetu kula ni lazima. Ukiachiwa kete, hata kama mtego unauona, huna ujanja, unakula, halafu mwenzako anakupitia tatu kwa mpigo na kukaa kingi. Kocha ni bingwa wa mchezo huo, kwa hiyo anaujua mtego akiuona.

Tangu siku ile nikifika pale maneno yanapungua. Hakuna aliyenifukuza, soda wananinunulia kama zamani, ila nikikaa tu mtu anaangalia saa.

Swali langu. Sitaki kuishi nao miaka saba mingine bila kuwaambia kinachonifanya niamke asubuhi. Lakini drafti nayo naipenda, niliianza kabla hata sijaokoka, na sasa naona kama nimeichafua. Ninyi mliofanikiwa kuongea na watu wenu mlianzaje? Jibu la "omba tu ndugu yangu" ninalo tayari na ninaomba. Naomba na lingine.

---

Shabiki wa Pamba:

Mkuu, nimecheka hadi abiria wenzangu kwenye daladala wamenigeukia. "Ipi hiyo, Azam?" Huyo dereva wa guta apewe soda.

Ushauri wangu ni mmoja, mpira usiuguse. Mtu aliyefungwa ana msiba, na msibani hupeleki utani wala hesabu. Ila ukitaka kunihubiria mimi uvumilivu, anza kwa kuniuliza habari za Pamba. Tumekaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, tukapanda 2024. Hapo nitaongea hadi usiku na wewe hutahitaji kuvuka kwenda popote, habari za kungoja kisichoonekana nitakuwa nimezimaliza mwenyewe.

---

Mama Dagaa Igombe:

Fundi mwanangu, pole. Mimi nakujibu kama mama, usinune.

Naanika dagaa Igombe. Jirani yangu wa kichanja ni mwanamke wa makamo yangu, hana dini, na haoni aibu kusema hana. Tunachoshirikiana sisi ni mawingu. Dagaa wakishuka alfajiri unawamwaga, unawatandaza, jua likipanda unawageuza, halafu kuanzia saa saba jicho lako moja liko kwenye dagaa na lingine liko ziwani. Wingu likisimama upande ule tunajua. Mvua ikikuwahi dagaa wako chini wanabadilika rangi, wanaoza, na jioni unawauza kwa bei ya chakula cha kuku huku umeshawalipia bei ya chakula cha watu. Basi mmoja wetu akipiga kelele "Anua!" hakuna kuulizana hawa dagaa ni wa nani.

Na mimi nilifundishwa hayo ya kuvuka. Niliwahi kumwambia mvua ni baraka ya Mungu. Alinitazama, dagaa wake wameloa debe tatu. Sikurudia.

Sasa mwaka juzi mwanangu wa mwisho aliugua, nikalala naye hospitali siku sita. Dagaa niliwaacha juu ya kichanja, sikuwa na akili nao. Kurudi nikakuta yule mama kawaanua, kawakausha, kawafunga kwenye magunia, kawauza, na pesa kaifunga kwenye khanga yake ikiwa imetimia. Mvua ilinyesha mara mbili siku zile. Dagaa wa kwake waliloa.

Nikaenda kwake jioni na sukari kilo mbili, nikakosa la kusema. Yeye ndiye aliyeanza. Kaniuliza, "Ulipokuwa kule usiku, mtoto anahema vile, ulikuwa unaongea na nani?" Nikamwambia nilikuwa naomba. Akauliza unaomba unasemaje. Fundi, ningeweza kumpa ushuhuda wa kanisani, ule ulionyooka. Nikamwambia ukweli: usiku wa kwanza na wa pili nilimlalamikia Mungu tu, nilimgombeza kama mtu na mumewe. Usiku wa tatu nikachoka kugombana nikanyamaza, na katika kunyamaza kule nikaona sipo peke yangu. Tulikaa hadi taa za wavuvi zikawaka ziwani.

Hajaja kanisani, usije ukadhani. Alikuja mara moja kwenye kipaimara cha yule mtoto, akakaa benchi la nyuma, akala pilau, akaondoka. Lakini kila baada ya siku kadhaa ananiuliza kitu, na mimi namjibu ninachokijua.

Wewe ulianza kwa kumpa Kocha somo. Umewahi kumwambia siku ambayo imani yako ilikushinda?

---

Fundi wa Kirumba:

Mama, shikamoo. Hapana, sijawahi. Mbele yao najikaza kama tangazo la sabuni.

---

Mtu wa Ukara:

Naongeza moja fupi, mnisamehe likikaa vibaya.

Kuna vitu tunavyoshirikiana watu wa ziwa ambavyo si vya kuanzia mahubiri. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018 kimebakiza kidogo tu kufika Ukara. Mama yangu mdogo alikuwa ndani. Siku tunazika alikuja mtu, simtaji na kanisa lake silitaji, akatuuliza vijana tulioshika sepetu: "Je, kama ungekuwa wewe ndani ya kivuko kile, leo ungekuwa wapi?" Labda alitaka kutusaidia. Mimi nilikaa miaka miwili sipiti mlango wa kanisa lolote.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja wa Bwisya, mshona nyavu. Nilikuwa nakaa naye namshikia uzi. Siku moja kaniuliza, "Mama yako mdogo alikuwa fundi wa kupika nini?" Nikamwambia hakuna aliyejua kusonga ugali wa muhogo kama yeye. Akaniuliza alikuwa anausongaje. Nikaanza kueleza nikalia, na yeye akaendelea kushona. Habari za Mungu zilikuja baadaye sana, na nilizileta mimi.

Nimemaliza.

---

Katekista, Kisesa:

Tumsifu Yesu Kristo, fundi. (Najua kwenu mnasema Bwana asifiwe, chukua zote mbili.)

Nakutetea kidogo, maana naona unachapwa. Kuanzia kwenye kazi na michezo ya watu si jambo la semina ya juzi. Mimi nakaa karibu na Bujora. Padre David Clement, Mkanada kutoka Quebec, alipokuja huku miaka ya 1950 aliwakuta Wasukuma na ngoma zao, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana kama Simba na Yanga. Angeweza kusema hayo ni ya kipagani, na wapo waliosema. Yeye alikaa akajifunza. Akakusanya ngoma, viti vya watemi, nyimbo, ikawa makumbusho ambayo ipo hadi leo, na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni ikapata sherehe ya ngoma iitwayo Bulabo, ambako Bagika na Bagalu bado wanashindana, hadi chatu na fisi wa kuchezea wanaletwa uwanjani. Sasa angalia tofauti. Hakuiazima ngoma kwa dakika tano apate pa kuanzia mahubiri. Aliipenda kiasi kwamba leo hata asiye Mkristo akitaka kujua ngoma ya babu yake anakwenda kanisani kuitafuta.

Na kwa kuwa wewe ni fundi wa boti, nikupe mwenzako. Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi, alitumwa na misheni ya Kianglikana ya CMS kwenda Buganda. Mwaka 1878 alifika Kagei, hapa kwetu kusini mwa ziwa, akaikuta boti ya misheni iliyoitwa Daisy imechakaa. Kazi yake ya kwanza kwenye ziwa hili ilikuwa kuitengeneza ile boti. Huko Buganda watu walijaa kwenye karakana yake kutazama chuma kinavyofuliwa. Alifia Usambiro, huku huku kwetu, mwaka 1890. Ninachotaka uone ni kwamba boti ilipona kwelikweli. Haikuwa mfano wa kitu kingine.

Biblia nayo ukiisoma kwa jicho la Mwaloni ina mambo. Luka 5, Yesu anaanza kwa kuazima mtumbwi wa Simoni, na Simoni amechoka: "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Kisimani kwa yule mwanamke Msamaria anaanza kwa kuomba maji, maana kiu alikuwa nayo kweli na cha kutekea hana. Na Yohana 21, baada ya kufufuka, wanafunzi wamekesha tena bila samaki. Anawaelekeza pa kutupa nyavu, wanapata 153, na wakifika ufukweni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Neno lake ni "Njoni mfungue kinywa." Kwanza wakala. Petro aliulizwa yale maswali mazito akiwa ameshiba.

Nilipokuwa kijana nilifundisha habari ile nikiharakisha kwenye "Lisha kondoo zangu". Sasa nimezeeka naona wale samaki wanatosha somo zima. Yeye ndiye aliyewachoma.

---

Muuza Kahawa wa Makoroboi:

Assalam aleikum wakuu. Mimi Muislamu, niruhusuni nichungulie.

Benchi langu la kahawa lina kila aina ya mtu, na habari za dini zinaongelewa hapo kuliko hata mpira. Mtu akiniambia imani yake mimi siudhiki, ni haki yake, nami yangu ninayo. Ninachoudhika nacho ni mtu aongee robo saa, halafu nikifungua mdomo mimi anatazama simu. Hapo najua kahawa yangu haikumleta.

Nina mteja wangu Mkristo, mtu wa Ukerewe. Ramadhani haji mchana kunikalia na karanga mdomoni, anakuja baada ya futari. Mwaka jana aliniuliza, "Hivi ukiwa umefunga, saa ngumu ni ipi?" Nikamwambia saa tisa, harufu ya samaki wa kukaanga ikipita. Na mimi nikamuuliza Kwaresima yao ikoje. Tumeongea mengi tangu hapo. Hajanibadilisha wala sijambadilisha, na kila mmoja anajua mwenzake anatamani nini. Hakuna aliyeficha.

Ndugu fundi, nikuulize. Miaka saba unacheza na Kocha. Jina alilopewa na mama yake unalijua?

---

Fundi wa Kirumba:

Wa aleikum salaam. Mkuu, umenipiga chini ya kitovu. Silijui. Najua anavyofungua mchezo, najua anapenda kuacha kona ya kushoto wazi, najua anatumia soda gani. Jina silijui. Wala sijui kwao ni wapi.

---

Shabiki wa Pamba:

Tunasubiri jina. Uzi usifungwe.

---

Fundi wa Kirumba (siku tisa baadaye):

Wakuu, nimerudi. Mwezi umekuwa mkubwa. Wanaoishi huku wanajua maana yake: dagaa wanafuata taa kwenye giza, na mbalamwezi ikitawala taa ya mvuvi haina kazi, iwe karabai ya zamani au hizi za sola. Kwa hiyo wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, mashine zinaletwa zote kwa pamoja, na chini ya mti panajaa.

Siku za kwanza nilicheza tu. Nisiwadanganye, nilicheza vibaya, maana mdomo uliozoea kutafuta pa kuvukia unawasha. Kila kitu nilikiona daraja. Mtu akisema "nimechoka" najibana.

Jumanne nilimuuliza Kocha kwao ni wapi. Akaniambia Kome, upande wa pili wa kisiwa, ambako baba yake alikuwa na mitumbwi miwili na yote ikaibwa nyavu mwaka mmoja. Ndiyo maana akaja mjini. Nikamuuliza jina lake hasa ni nani. Akacheka, akasema watu wengi pale hawajui.

Anaitwa Yona.

Wakuu, mtu anaitwa Yona, kazi yake ni ziwani, na mbele yake nimekaa mimi nimetoka semina. Nilibana midomo hadi ikauma. Nikasema, "Jina zuri," nikasogeza kizibo. Yeye mwenyewe akaongeza kwamba alipewa na bibi yake aliyekuwa mtu wa kanisa sana, na kwamba utotoni alimchukia yule Yona kwa sababu ya kukimbia. Sikusema kitu. Akala kete zangu mbili.

Halafu jana. Mama Igombe, nilifuata lako. Nilimsimulia habari ya mwaka ule niliotapeliwa pesa ya vipuri, laki nane, za watu. Nilikuwa bado mchanga kwenye wokovu. Niliomba zirudi, hazikurudi, na nililipa kidogokidogo mwaka mzima. Nikamwambia kuna Jumapili nilikaa nje ya kanisa kwenye pikipiki yangu, sikuingia, niliwasikiliza wakiimba nikawaona waongo. Alinisikiliza bila kugusa ubao. Hilo kwa Kocha halijawahi kutokea.

Akauliza, "Ulirudi kwa nini?"

Nikamwambia sijui vizuri. Mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, alitoka nje, akakaa nyuma yangu kwenye pikipiki, hakuhubiri, akaniuliza nina deni la nani na shilingi ngapi. Akaandika kwenye karatasi. Wiki iliyofuata akaniletea mashine mbili za jamaa zake nizitengeneze. Nikasema nilimwona Yesu kwa namna ile kuliko kwenye nyimbo. Nilisema jina hilo moja kwa moja, bila mpira wala impela, na hakuna aliyekohoa.

Kocha akakaa. Dereva wa guta naye alikuwa kanyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza. Kisha Kocha akasema, "Hii hukuniambia wiki ile."

"Wiki ile nilikuwa nakupa kete," nikamjibu.

Nikataka kuendelea, maneno yamefika kooni kabisa. Akanyoosha kidole ubaoni.

"Zamu yako, fundi. Cheza. Hiyo nyingine utanimalizia kesho."

Nikacheza. Kanipitia tatu, kakaa kingi.